Kandambili za Sura ya Kumi

Kwa nini alirudi? Nimeifundisha riwaya ile kwa miaka minne, nimeitungia maswali, nimesahihisha majibu yake mpaka vidole vikafa ganzi, na hadi leo sijui kwa nini mvulana wa miaka kumi na mitano, aliyekwisha kuuruka ukuta na kusalimika, aliuparamia tena ukuta uleule na kurejea katika mtaa wa mahasimu wake kufuata kandambili.

Kwa asiyeisoma, kisa ni hiki. Mitaa miwili ya mji mmoja imegawanywa na ukuta wa kiwanda kilichofungwa, na kila mtaa una genge lake la vijana. Mhusika mkuu anakulia upande wa chini. Tunamfuata tangu akiwa mtoto wa kutumwa dukani mpaka anapoota ndevu, na njiani humo anaingia katika genge la mtaa wake pasipo kuamua, kama mtu anavyopanda darasa. Katika sura ya kumi anakimbizwa. Anaruka ukuta, kandambili zinamvuka miguuni na kubaki upande wa pili. Yuko salama. Anakaa chini akihema. Kisha anapiga mluzi, anauparamia ukuta na kurudi, nao wanamvunja mkono wa kulia, mkono aliokuwa akichorea. Mwandishi hasemi lolote juu ya sababu. Anaifunga sura.

Mwulize mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Nne katika shule zetu, atakujibu bila kusita: "Ukaidi wa ujana na shinikizo la rika." Kila mwaka, kila shule, maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. Nikiwauliza maana ya hilo shinikizo wananitazama kana kwamba nimewauliza maana ya Jumanne. Na ghadhabu yangu haina pa kwenda, kwa kuwa najua maneno hayo yalikotoka. Yalitoka kwangu.

Niliandika kijitabu cha maelezo ya riwaya hiyo katika likizo moja ya Aprili, nyumbani kwangu Lodwar, feni ikiwa imeharibika na karatasi zikiniganda mikononi. Sitajitetea. Sura sita za kwanza nilizisoma kama msomi. Zilizobaki nilizisoma kama mtu anayetafuta funguo zake akiwa amechelewa. Shule zilikuwa zikikisubiri. Chini ya udokezi, ile mbinu ya mwandishi kutupa mapema ishara ya jambo litakalokuja, niliorodhesha wingu jeusi la sura ya kwanza, chupa iliyopasuka ya sura ya tatu na mbwa anayebweka katika sura ya saba. Chini ya sababu za matendo ya mhusika mkuu nikaandika yale maneno kuhusu ukaidi na rika. Yalinichukua dakika moja hivi.

Wingu ndilo lililonitesa zaidi. Mwanafunzi mmoja aliniambia mbele ya darasa zima, "Madam, huyu mwandishi si wa huku. Huku wingu halidokezi kitu. Linatupita tu, linaenda kunyesha Uganda." Darasa lilicheka, nami nikacheka, kisha nikawaamuru waandike wingu, kwa kuwa wingu lina alama mbili. Mwingine, ambaye kwao ni Kainuk, mpakani ambako watu huibiana mifugo, alinifuata nje baada ya kipindi.

"Madam, hawa vijana wa kitabuni hawajuani?"

"Wanajuana. Wengine walisoma pamoja."

"Basi. Sisi wale tunaogombania nao mifugo tunawajua mpaka majina ya mama zao. Mtu unayemjua hivyo humwendei kwa shinikizo la rika. Unamwendea kwa jambo."

Nilimwambia kwamba hoja yake ni nzuri sana na kwamba asithubutu kuiandika katika mtihani. Nilimwambia hivyo kweli, nikiwa nimesimama juani na chaki mkononi, mtu mzima mwenye shahada ya fasihi.

Mtihani wa mwigo, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, tunautunga pamoja, shule za Lodwar, za Kakuma na nyingine chache, kisha tunausahihisha pamoja katika ukumbi wa shule moja mjini Lodwar. Kila mwalimu hupewa swali moja na hulisahihisha hilo tu, bahasha kwa bahasha, kwa siku tatu. Mimi ndiye mtahini mkuu wa fasihi. Swali la riwaya mwaka huo lilikuwa na sehemu mbili: udokezi wa yaliyompata mhusika mkuu, na sababu zilizomfanya aurudie ukuta. Mwongozo wa kusahihisha niliutunga mimi, nikinakili kutoka katika kijitabu changu.

Desturi yetu ni kuandika chini ya kila swali la fasihi sentensi moja ndogo: hoja nyingine yoyote sahihi ikubaliwe. Sentensi hiyo huzua ugomvi kuliko siasa. Asubuhi ya kwanza, hata saa nne haijafika, walimu wawili walikuwa wamesimama wakibishana iwapo jibu la mtoto fulani lilikuwa sahihi au lilikuwa na usahihi ndani yake, na jasho lao likidondokea jibu lenyewe. Ukumbi mzima ukaacha kazi kuwasikiliza. Nikachukua kalamu nikaikata ile sentensi.

"Yaliyomo ndiyo yaliyomo," nikatangaza. "Nje ya hayo, sufuri."

Walinipigia makofi. Tulimaliza nusu siku kabla ya muda, na mwenyekiti wa kamati ya mtihani akanishukuru hadharani kwa uongozi imara.

Siku ya pili mwalimu aliyekuwa akisahihisha swali hilo aliniletea karatasi moja. Alikuwa kijana mwangalifu, wa kusoma jibu lote kabla ya kutia alama, jambo lililomfanya abaki nyuma ya wengine.

"Madam, huyu sijui nimfanyeje."

"Amesema wingu?"

"Hapana. Anazungumzia sura ya pili. Sura ya pili hatuna."

"Chupa? Mbwa?"

"Mbwa amemtaja, lakini anasema mbwa hana maana yoyote."

Nilitazama mistari miwili ya juu. Mwandiko ulikuwa wa duara, wa mtu aliyejifunza kuandika mahali pengine. "Mpe alama tatu za lugha," nikasema, "sehemu nyingine sufuri." Nikatia herufi za jina langu kwa wino wa kijani pembeni, alama ya kwamba mtahini mkuu ameona. Sikuwa nimeona chochote.

Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu kutoka Kakuma. Mpigaji alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari iliyo ndani ya kambi ya wakimbizi, kijana niliyemfundisha mwenyewe Lodwar na ambaye hajawahi kuacha kuniogopa kidogo. Alitaka niende kuzungumza na watahiniwa wake juu ya namna ya kujibu maswali, kama tunavyofanya kila mwaka baada ya mwigo. Kisha akaleta la pili, ambalo naona ndilo lililomfanya apige. Alikuwa na mwanafunzi, msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyetoka Kongo, aliyepoteza miaka mingi ya masomo njiani. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kinatoa nafasi chache za kusomea ualimu wa lugha kwa vijana wa kambini, na shule ilipaswa kupeleka majina kwa kutumia matokeo ya mwigo. Msichana alikuwa juu katika kila somo isipokuwa Kiswahili, ambako swali moja lilimwangusha. Alihitaji alama tisa zaidi. Mwaka utakaofuata umri wake ungekuwa umepita kiwango cha chuo. Majina yalikuwa yanafungwa siku itakayofuata ziara yangu, saa sita mchana.

"Swali gani?" nikauliza, ingawa ule mwandiko wa duara ulikwisha kunirudia.

Nilifika Kakuma asubuhi. Mwalimu alinipokea langoni. "Ejok, madam," akanisalimu kwa Kiturkana, akanibebea mkoba, na darasani akanitambulisha kama "mwandishi wa kile kijitabu chenu." Kilikuwa juu ya kila dawati, nakala za nakala, wino umefifia hata jina langu kwenye jalada likawa kivuli. Riwaya yenyewe niliiona moja tu. Ilikuwa juu ya dawati la mbele, imeshonwa mgongo kwa uzi wa gunia.

Nilizungumza kwa nusu saa juu ya kusoma swali kwa makini. Niliwaambia, kwa sauti ambayo sasa ninaionea haya, kwamba mtahini hawezi kutuza kisichokuwa katika mwongozo. Mwenye kitabu cha uzi, yule msichana wa Kongo, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba ruhusa niseme. Ile mutoto hakurudi kwa ukaidi."

"Alirudi kwa nini?"

"Ile kandambili haiko yake. Iko ya nyanya yake. Sura ya pili, ukurasa wa kumi na tisa."

Darasa likaguna kwa furaha. Kijana aliyekuwa nyuma akaropoka, "Madam, huyo ni wakili, atakupeleka kotini!" na mwingine akadakia, "Lakini ako na pointi."

"Endelea," nikasema.

"Nyumba yao iko na kandambili moya. Mwandishi anasema nyanya anangojea mulangoni mupaka mutoto arudi dukani, njo avae aende choo. Sisi pia tulikuwa hivyo, watu saba. Ukirudi unavua mulangoni, mwenziyo anavaa. Ukipoteza, umepotezea watu wote." Alisema bila kuinua sauti, kwa Kiswahili cha kwao, "njo" ikiwa "ndipo" yetu. "Njo maana niliandika udokezi uko pale, kwa mulango. Haiko kwa wingu."

Nilichukua kitabu chake, nikafungua ukurasa wa kumi na tisa. Ilikuwa hapo. Mistari minne: bibi kizee amekaa kizingitini, miguu mitupu imekunjwa chini ya kanga, macho yako barabarani. Nilikuwa nimeisoma mistari hiyo katika zile sura sita nilizojidai kuzisoma kama msomi. Niliipita kama mtu anavyopita jirani akiwa na haraka. Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa sababu msichana yule alikuwa na adabu. Angekuwa mjeuri ningejua la kufanya.

Kipindi kilipokwisha nilimwita nje, kwenye kivuli chembamba cha tangi la maji, nikamwuliza kile nilichokuwa nacho bado cha kujishikilia.

"Na ule mluzi? Mtu anayerudi kimyakimya kufuata kandambili za nyanya yake anapiga mluzi wa nini? Si ni kuwaita?"

"Hapo sijui, mwalimu. Nimesoma mara tatu. Nilifikiri wewe unajua."

Nilimpigia simu mwenyekiti wa kamati kutoka ofisini kwa mwalimu. Nilimweleza kwamba karatasi moja ilisahihishwa vibaya na kwamba nataka kuisoma upya.

"Vibaya vipi? Mwongozo ulifuatwa?"

"Ulifuatwa. Mwongozo ndio mbaya."

"Madam, unajua unachosema? Swali lile wamepata sufuri wangapi?"

"Sijui."

"Hujui! Na mimi nimeshapeleka matokeo kila shule. Ukifungua moja, kesho wazazi wa shule nzima wako mlangoni kwangu. Tafadhali usinifukulie makaburi. Mtihani wa mwisho unakuja, atajitetea huko."

"Majina yanafungwa kesho."

"Basi tumwombee," akasema, akakata.

Jioni, kabla jua halijazama, mwalimu alinipeleka kula kwenye mkahawa wa Waethiopia karibu na soko. Nilikuwa nimechoka na vumbi na nimechoshwa na watu wote, nikiwemo mimi. Alisubiri mpaka injera, ule mkate wao mwembamba, ikaletwa, ndipo akasema alilokuwa nalo tangu asubuhi.

"Madam, kwani shida iko wapi? Karatasi yake niliiomba Lodwar, iko kwangu. Wewe ndiye mtahini mkuu. Chukua kalamu ya kijani, weka kumi na mbili, basi. Lodwar watajua baadaye, na wakijua itakuwa imeshapita."

"Na wale wengine?"

"Wengine gani?"

"Niliowapa sufuri bila kuwasoma."

Akamega injera, akaichovya mchuzini polepole. "Hao hawajakupigia simu."

Nilicheka kwa sababu ilikuwa kweli, na sikupenda kicheko changu. Kwa dakika kadhaa nilikubaliana naye moyoni. Ilikuwa njia fupi na isingemdhuru mtu niliyemjua kwa sura. Lakini kadiri nilivyoitazama njia hiyo ndivyo nilivyoona kinachonivuta. Sikuwa na wasiwasi na mwenyekiti. Amenifokea mara nyingi na bado ninalala vizuri. Nilichoogopa ni barua. Kuisahihisha karatasi waziwazi kulitaka niandike kwa kila shule kwamba nilikata sentensi ambayo sikuwa na haki ya kuikata, na kwamba kurasa za kijitabu changu wanazokariri watoto ziliandikwa na mtu asiyemaliza kusoma. Walimu wangeisoma ukumbini. Wengine wangeisoma kwa sauti.

Hapo ndipo niliponuna, na kununa kwangu kulinifaa kuliko hekima yoyote. Miaka minne nimewafundisha vijana kuuliza ni nini kinachomsukuma mtu kutenda. Nimewakata alama kwa kuandika "uoga" bila kueleza uoga wa nini. Na mimi nilikuwa nimekaa mbele ya sinia nikitafuta namna ya kumpenyezea binti wa watu alama zake kwa siri, kama mtu anayeficha pombe haramu ya chang'aa, ili jina langu libaki safi kwenye jalada lililofifia.

"Barua," nikamwambia mwalimu. "Kesho asubuhi. Na nitaisahihisha kwa haki. Zisipotimia tisa, hazikutimia."

"Madam!"

"Sitamwongezea hata moja."

Aliacha kula. Nadhani kwa mara ya kwanza aliniogopa kwa sababu ya maana.

Asubuhi saa mbili tulikuwa ofisini. Alinitolea karatasi kutoka kabatini, na kwa mara ya kwanza niliisoma yote, neno kwa neno, jinsi ilivyostahili kusomwa siku ile ukumbini. Sehemu ya udokezi ilikuwa imejengwa vizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika juu ya kitabu hicho; alikosea ukurasa mmoja, nikamkata kwa hilo. Sehemu ya sababu iliyumba katikati. Alirudia hoja moja mara mbili, na juu ya mluzi hakuandika kitu, kana kwamba haukupigwa. Nilimkata kwa hilo pia. Mwalimu alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo, akijifanya anatazama wanafunzi wakichota maji.

Nilijumlisha mara mbili. Ilikuwa kumi na nne, kutoka tatu.

"Zimetosha," nikasema, naye akakaa kwa kishindo kwenye kiti cha karibu.

Nilitia herufi zangu kwa kijani, tarehe chini yake. Kisha nikaandika barua kwa mkono, kwa shule zote, kwamba mwongozo wa kusahihisha wa swali la riwaya ulikuwa na kasoro yangu mimi. Kwamba kila jibu lililopewa sufuri litasomwa upya, nami ndiye nitakayelisoma. Na kwamba maelezo ya kijitabu changu kuhusu sura ya kumi yasifundishwe tena. Mwalimu aliipiga picha kwa simu yake, tukaituma kwa mwenyekiti kwanza, kisha kwa shule. Alipomaliza aliifungua orodha ya chuo na kuandika jina la msichana katika mstari wa mwisho, polepole, akiangalia kila herufi. Ilikuwa saa nne na nusu.

Simu ya mwenyekiti iliingia kabla wino haujakauka. Niliipokea, nikamwacha aseme yote aliyokuwa nayo, na yalikuwa mengi. Alipovuta pumzi nilimwomba awaambie wanaotunza ukumbi waniachie ufunguo, maana ninapanda gari la saa sita kurudi Lodwar, na bahasha za swali lile zilizobaki ukumbini nitazihitaji zote.